Mistari Myeusi Katika Picha za Harusi



Wapenzi wasomaji, wiki hii tunawaletea kisa kilichotupata sisi wenyewe, dada wawili tunaopenda kupiga picha. Hatuifanyi kazi hii kwa malipo. Kamera yetu ni moja, tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa miaka kadhaa imetutosha kwa picha za watoto siku ya Idi, za madau wakati wa maji kupwa, na za harusi za jamaa pale tunapoombwa. Kisa chenyewe ni cha kamera iliyoonekana imeharibika. Tunakisimulia kwa sababu kina manufaa kwa kila nyumba yenye kamera au simu ya kupigia picha, na kwa sababu katika kutafuta ubovu wa chombo tulikaribia kumdhulumu mtu.

Usiku wa kupamba

Kila mwenyeji wa Pwani anajua usiku wa kupamba ulivyo. Ni mkusanyiko wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nguo za fahari huonekana, na bibi harusi huketishwa jukwaani akiwa amepambwa kwa hina, dhahabu na asumini. Mara nyingi simu huzuiliwa mlangoni, na anayeruhusiwa kupiga picha ni mwanamke aliyeaminiwa na wenye harusi. Usiku huo tulioaminiwa tulikuwa sisi.

Shughuli ilianza mapema. Baada ya alasiri wanawake walisoma maulidi uani kwa mamake bibi harusi. Ili mlio wa kamera usiwakere wasomaji, tuliiweka kamera katika hali ya kimya, ile ambayo hupiga picha bila kutoa sauti yoyote. Usiku ulipoingia tukahamia ukumbini. Taa za jukwaa zilikuwa nyingi na kali, na vigoma vilipoanza tukaongeza kasi ya kamera hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, ili mikono ya wachezaji isitoke kama moshi. Kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera kilituonyesha picha za kupendeza. Tulirudi nyumbani usiku wa manane tukimshukuru Mungu.

Asubuhi tulizifungua picha katika kompyuta, na furaha yote ikatutoka. Zile za uani zilikuwa safi. Lakini karibu kila picha ya jukwaani ilikuwa na mistari mipana ya giza, mitano kwa hesabu, iliyolala kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ilipita juu ya shela, juu ya uso wa bibi harusi, juu ya mikono yenye hina. Katika picha tulizozipiga kwa kuisimamisha kamera wima, mistari nayo ilisimama wima. Jambo hilo ndilo lililotuhakikishia, kwa fikira zetu za wakati ule, kwamba ubovu uko ndani ya kamera: kwani kama si hivyo, kwa nini mistari igeuke kila kamera inapogeuzwa?

Dhana

Wa kwanza kumfikiria alikuwa binti wa ndugu yetu, msichana wa miaka 15, ambaye wiki moja kabla ya harusi aliiazima kamera kwa kazi ya shule. Alipoirudisha alisema, “Shangazi, hii hapa, iko salama.” Siku ile tulimshukuru. Sasa neno lile lile tukalipa maana nyingine. Mtu harudishi kitu na kukisemea kwamba ni salama, tuliambizana, ila pana jambo analolificha.

Tulimwita. Hatukumgombeza, lakini tulimwuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumu: “Iliangukia wapi?”

“Haikuanguka, Shangazi.”

Tukanyamaza, na ule unyamavu wetu aliuelewa vizuri. Aliondoka bila kuimaliza chai yake.

Kisha tukaenda mjini kwa fundi wa kamera na simu. Tulimweleza tulivyoona, naye akasema kwamba huenda kihisi kimekufa. Kihisi ni kile kibamba kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Gharama aliyoitaja ilikaribia bei tuliyoinunulia kamera. “Dada zangu,” akasema, “iacheni hapa pamoja na kadi yake niione mistari yenyewe, mrudi wiki ijayo.”

Fundi hakusema vibaya. Ni kweli kwamba hawezi kutibu asichokiona. Lakini katika kadi ile hapakuwa na picha ya jukwaani ambayo haikuwa na mwanamke aliyelivua buibui lake kwa kutuamini sisi. Kuiacha juu ya meza ya duka kwa wiki nzima, apite huyu na yule, lilikuwa jambo tusiloweza kulifanya. Tuliichukua kamera yetu tukaondoka.

Tukiwa njiani mdogo wetu akatoa shauri. “Kama anataka kuona mistari, tumpigie picha ya ukuta. Mistari itakuwa ile ile, na ukuta hauna haya ya kuonwa.” Likawa shauri jema. Tulitia kadi mpya, tukasimama uani mchana, tukaupiga picha ukuta uliopakwa chokaa mara kumi. Zote kumi zikatoka safi, bila mstari hata mmoja.

Kufunika taa moja moja

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza badala ya kuhukumu, na hapo tulimkumbuka mwanachuoni mmoja ambaye kila anayeshika kamera ana deni kwake. Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965, akafanya kazi zake kubwa Misri, akafariki Cairo karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake cha elimu ya mwanga, Kitab al-Manazir, alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka katika vitu na kuingia machoni, kinyume cha waliodai kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa kimataifa wa mwanga, kazi yake ilikumbukwa ulimwenguni kwa kutimiza takriban miaka 1000.

Miongoni mwa majaribio yake ni hili. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lililoelekea mahali penye giza. Kila taa ilitupa doa lake la mwanga katika ukuta wa ndani. Kisha akafunika taa moja tu: doa la taa ile likatoweka, mengine yakabaki. Akaifunua, likarudi. Kwa njia hiyo alijua kwa yakini lipi linatoka wapi. Hakugusa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Nasi tukafanya vivyo hivyo. Kwanza tuliirudisha kadi ya zamani, tukapiga ukuta ule ule wa uani: safi. Basi kosa si la kadi. Tukabadilisha lenzi: safi. Usiku tuliingia sebuleni, tukawasha taa ya LED ya darini, tukapiga ukuta wa ndani kwa kasi ile ile ya 1/500. Mistari mitano ikajitokeza. Tukaizima taa, tukawasha kandili ya mafuta ya taa, tukapiga tena kwa kasi ile ile. Picha ilitoka ya giza na ya manjano, lakini haikuwa na mstari. Tukaiwasha taa ya umeme, mistari ikarudi.

Hatukubadilisha chochote ila taa. Kwa hiyo mistari ilitokana na taa, na kamera ilikuwa ikiandika kile kilichokuwapo.

Ilibaki kujua kwa nini. Tukiwa chini ya taa ile ile ya umeme, tulishusha kasi kutoka 1/500 hadi 1/250: mistari ikalegea. Tulipofika 1/100 ikatoweka. Kisha tukaipandisha kasi tena hadi 1/500, lakini safari hii tukaondoa hali ya kimya, kamera ikalia kwa sauti yake ya kawaida. Picha moja ilitoka nyangavu na nyingine imefifia kidogo, lakini ile mistari mitano haikuonekana tena. Tulitazamana. Hali ya kimya tuliiwasha sisi wenyewe kwa ajili ya maulidi, na usiku tulisahau kuizima.

Siri ya taa inayopepesa

Umeme unaoletwa majumbani Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Katika kila mwendo hufikia nguvu yake kamili mara mbili, hivyo taa isiyotengenezwa kwa uangalifu hung’aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Balbu ya zamani yenye waya haikuonyesha sana kupepesa huku, kwa kuwa waya ukishapata moto haupoi upesi. Taa ya LED haina moto wa kuhifadhi. Umeme ukipungua nayo hufifia papo hapo, isipokuwa iwe na kifaa kizuri ndani yake cha kuutuliza umeme. Taa nyingi za bei nafuu, na nyingi za mapambo, hazina kifaa hicho. Jicho la mwanadamu haliwahi kuona mabadiliko ya kasi hiyo, kamera huyaona.

Kamera ikiwa katika hali ya kimya haitumii pazia lake la kufunguka na kufungika. Badala yake huisoma picha safu baada ya safu, kama msomaji anavyoshuka ukurasa mstari kwa mstari. Usomaji huo huchukua muda. Ukichukua sehemu moja ya 20 ya sekunde, basi katika muda huo taa huwa imefifia mara tano, na picha hupata mistari mitano, kama ilivyokuwa yetu. Kwa kasi ya 1/500 kila safu hupata tone dogo tu la mwanga: safu nyingine hulipata taa ikiwa kileleni, nyingine taa ikiwa imefifia. Kwa kasi ya 1/100 kila safu hungoja mzunguko mzima wa kung’aa na kufifia, kwa hiyo zote hupata fungu sawa. Na kwa kuwa safu ni za kamera, ukiigeuza kamera mistari nayo hugeuka. Dalili ile tuliyoifanya ushahidi wa ubovu ilikuwa na maelezo yake tangu mwanzo.

Jaribuni haya kabla ya kwenda kwa fundi

Kwa faida ya wasomaji wenye kamera, na hata wenye simu, tumeyapanga mafunzo yetu hivi:

1. Picha ikiwa na mistari ya giza chini ya taa, piga kitu kile kile nje mchana. Ikitoka safi, ishuku taa kabla ya kamera.

2. Ondoa hali ya kimya ukiwa ukumbini. Ikiwa ni lazima uitumie, chagua kasi ya 1/100 au 1/50. Fahamu kwamba taa za jukwaa zinazopunguzwa mwanga kwa swichi maalumu zinaweza kupepesa kwa hesabu nyingine, na hapo hata 1/100 huenda isitoshe. Piga picha chache za majaribio kabla bibi harusi hajaingia, na uzikuze katika kioo uzitazame kwa makini. Sisi hatukufanya hivyo.

3. Picha zote zikitoka na weupe kama wa mvuke mara unapotoka katika chumba chenye kiyoyozi, lenzi haijaharibika. Kioo baridi kimekutana na hewa yetu ya pwani yenye unyevu. Ifunge kamera katika mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue. Usiifute kwa kanga, na usibadilishe lenzi wakati huo.

4. Vidoa vidogo vyeusi vinavyotokea mahali pale pale katika kila picha, hasa katika mbingu, mara nyingi ni vumbi juu ya kihisi. Hilo husafishwa, wala si lazima kubadilishwa kitu.

5. Ukiona kama nyuzi za buibui ndani ya lenzi, hiyo ni koga, nayo ni ugonjwa wa kweli katika miji yenye unyevu. Lenzi iliyofungiwa miezi mingi kabatini, gizani, ndiyo huathirika zaidi. Ihifadhi katika chombo kinachofungika barabara pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na uitoe uitumie mara kwa mara.

6. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja: kadi, kisha lenzi, kisha taa, kisha kasi. Ukibadilisha mawili pamoja, hutajua lipi lililoponya.

Amana iliyomo ndani ya kadi

Jambo la fundi limetufanya tuyafikirie upya mazoea yetu. Mwanamke anapokubali kupigwa picha akiwa amejipamba mbele ya wanawake wenzake, haimpi mpiga picha ruhusa ya kila jicho. Anampa amana. Amana hiyo hubaki ndani ya kadi hata baada ya sherehe kwisha.

Kwa hiyo, ukipeleka kamera kwa fundi, toa kadi kwanza, na umpe picha za majaribio za ukuta, mti au meza. Fahamu pia kwamba picha iliyofutwa haijatoweka; mara nyingi inaweza kurudishwa kwa programu maalumu maadamu haijaandikiwa picha nyingine juu yake. Basi usiuze wala kuazima kadi iliyobeba picha za wanawake, hata kama umezifuta. Simu zina hatari zaidi, kwa sababu nyingi hupakia picha zenyewe katika hifadhi ya mtandaoni, na ikiwa hifadhi hiyo inashirikisha watu wa nyumba nzima, picha za ukumbini zitafunguka katika simu ya kaka au mume bila mtu kukusudia. Angalia mipangilio hiyo kabla ya kwenda harusini.

Hata sheria ya nchi inaitambua haki hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka masharti juu ya kutunza habari za watu, picha zikiwemo. Lakini kwetu sisi amana ilitangulia sheria.

Tuliowakosea

Tulikwenda kwanza kwa mamake bibi harusi. Tulimweleza wazi kwamba picha za uani na za chumbani zimetoka vizuri, ila nyingi za jukwaani zina mistari, na kwamba kosa ni letu, kamera ni nzima. Tulikuwa tumejaribu kuipunguza mistari kwa kompyuta. Katika baadhi ilipungua, katika nyingi haikuondoka. Alizitazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Ile ya mama yangu akimbusu mjukuu wake ipo?” Ilikuwapo, na mstari mmoja wa giza umepita juu ya mkono wa bibi. “Nitieni hiyo hiyo katika fremu,” akasema.

Kisha tukaenda kwa binti wa ndugu yetu. Hili lilikuwa zito zaidi. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tukaja kujuta, na katika sura hiyo hiyo tunakatazwa dhana nyingi. Aya hizo tumezisoma tangu chuoni tukiwa wadogo, na tumezisikia katika darsa mara zisizo na idadi. Hata hivyo tulimchunguza mtoto kabla ya kuichunguza taa. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Sisi tulikuwa tumelilaumu jembe, kisha tukamlaumu aliyeliazima.

Tulimwomba msamaha mbele ya mamake, kwa kuwa tuhuma nayo ilikuwa imekwisha kumfikia mamake. Aliinamisha kichwa, akasema, “Nimewasamehe, Shangazi.” Hatukuona kama maneno yale pekee yanatosha. Tulimpa kamera, tukamfundisha habari ya kupepesa kwa taa, naye aliishika upesi kuliko tulivyoishika sisi. Katika harusi iliyofuata yeye ndiye aliyetutangulia ukumbini baada ya magharibi, akapiga ukuta mtupu wa jukwaa mara tatu, akaikuza picha kwenye kioo, akageuka kutuambia, “Shangazi, taa za huku si nzuri. Tushushe kasi.”

Tukashusha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhakikisha kabla ya kunena, na wenye kuzitunza amana za wenzetu.